Magazeti ya Wazee Wetu: Ni Amana, au ni Karatasi za Kufungia Vitumbua?



Leo nataka nikuungamie kosa langu kabla sijamnyoshea kidole mtu mwengine. Mwenye kukemea watu na hali mikono yake mwenyewe haijaoshwa, maneno yake hayana baraka.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani katika milima ya Uluguru, upande wa Matombo. Hakuwa tajiri. Alikuwa na migomba yake, mpunga wake bondeni, na sanduku moja la bati. Ndani ya sanduku lile hamkuwa na fedha. Mlikuwa na magazeti. Kila alipoteremka mjini Morogoro kununua chumvi na mafuta ya taa, alirudi na gazeti, au nusu ya gazeti aliyopewa na karani wa reli. Akikaa barazani hulisoma kwa sauti, na wasiojua kusoma wakasikiliza, kisha hulikunja akalitia sandukuni. Mlikuwamo Mambo Leo, mlikuwamo Zuhra na Mwafrika, na baadaye Ngurumo na Uhuru. Sanduku lilikaa darini juu ya meko, na moshi wa kuni ukawafukuza wadudu kwa miaka na miaka.

Baba alifariki mwaka 1988. Mimi mwanawe mkubwa nikalichukua sanduku nikaliteremsha mjini, nikaliweka chini kabisa ukutani mwa chumba cha uwani. Masika zikapita. Nilipolifungua mwaka 1993, nusu ilikuwa vumbi la mchwa. Nusu iliyosalia, jirani yangu muuza vitumbua aliiomba, nami nikampa. Nikamwambia, "Chukua mama, ni makaratasi tu." Maneno hayo mawili, makaratasi tu, hunirudia usiku nikajiona mdogo.

Kwa nini yananirudia? Sikiliza.

Miaka michache iliyopita alinijia binti mmoja mwanafunzi, mjukuu wa watu wa huko huko kwetu. Alitaka kujua khabari za Matombo za mwaka 1955. Wewe uliye Tanga au Bagamoyo, Mafia au Lamu, huenda khabari hizo hazikukufikia, basi nitakueleza kwa ufupi. Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kutumia ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima. Watu walichoka. Sultani Sabu bin Sabu akawa kati ya mawili, serikali juu yake na raia chini yake. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya ghasia zile mpango wa matuta uliachwa.

Nikamsimulia yule binti yote niliyoyasikia kwa baba. Akaandika, akaandika, kisha akainua uso akaniuliza kwa adabu, "Babu, na haya yameandikwa wapi?" Nikanyamaza. Ningemwambia nini? Kwamba yalikuwa sandukuni mwetu, nami nikayapeleka kwenye vitumbua?

Akatoa simu yake akanionyesha jambo lililonichoma zaidi. Lilikuwa gazeti la Kidachi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1899. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, na manowari za Kiingereza zikaipiga Dar es Salaam, Gavana Schnee alihamishia serikali yake Morogoro, na gazeti lile nalo likahamia kwetu, likachapishwa Morogoro mpaka 1916, mwaka ambao Waingereza waliuteka mji. Gazeti hilo lilikuwa ndimi ya masetla. Ndilo lililompiga vita Gavana Rechenberg kwa kuwa kwa maoni yao hakuwakaza Waafrika kufanya kazi mashambani mwao kiasi walivyotaka. Leo Maktaba ya Serikali ya Berlin imelipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuliweka katika mtandao, na mtu yeyote mwenye simu, hata akiwa amekaa chini ya mwembe Kiroka, hulisoma bila ya kulipa senti.

Lakini magazeti ya Kiswahili aliyoyataka, ya mwaka 1955, yaliyoandikwa na watu weusi kwa ajili ya watu weusi, hakuyapata kwa njia ile.

Fikiri, ndugu yangu. Maneno ya setla aliyetaka babu yako apelekwe shamba kwa lazima yamehifadhiwa na kuenziwa. Maneno ya babu yako mwenyewe yamefungiwa vitumbua. Kosa ni la nani? Si la Mdachi! Mdachi amehifadhi cha kwake. Nchi yake ina taasisi ya kugharimia utafiti, fedha zake zikitoka katika hazina ya umma, nayo hutoa ruzuku kwa maktaba ili magazeti ya zamani yapigwe picha. Na mwaka 2021 wakafungua mlango mmoja katika mtandao wa kuyasomea magazeti yao mengi waliyokwisha kuyatengeneza. Kosa ni letu sisi, raia na serikali yetu.

Basi hii ndiyo hoja yangu, naisema waziwazi pasi na kuzungusha maneno: serikali zetu ni juu yao kutenga ruzuku kila mwaka kwa ajili ya kuyaingiza magazeti ya zamani katika kompyuta, na chochote kitakachofanywa kwa mali ya umma kisomwe na umma bure. Na sisi wenye masanduku majumbani tuyafungue kabla mchwa hajatutangulia.

Najua nitapingwa. Nimeshapingwa barazani, nimepingwa hata baada ya sala ya Ijumaa. Nitazitaja hoja za wapinzani wangu mojamoja, nizijibu.

Wa kwanza husema: "Sheikh, watu hawana maji wala dawa, na wewe wataka fedha za serikali zikapige picha makaratasi?"

Maneno haya yana sura ya huruma, lakini ndani yake mna udanganyifu. Jee, ni nani aliyetuambia kwamba fedha zisipokwenda kwenye magazeti zitakwenda kwenye dawa? Mara ngapi umeona semina moja ya siku tatu katika hoteli, na mabango yake na fulana zake na posho zake, na hakuna aliyesimama akauliza khabari za dawa? Mgonjwa hukumbukwa pale tu elimu inapoomba.

Tena kazi yenyewe si bahari. Yataka kamera nzuri juu ya kinara chake, taa zisizochoma karatasi, kompyuta, na vijana wawili watatu waliofundishwa kufunua ukurasa uliokauka usivunjike. Kilicho kizito ni subira: kuandika jina la gazeti, tarehe na nambari ya kila ukurasa, kuweka nakala mahali mbalimbali ili nyumba moja ikiungua nyengine ibaki, na kuziangalia nakala hizo miaka kumi, ishirini, hamsini, kwani vyombo vya kompyuta navyo huzeeka. Kwa hiyo fedha za mara moja hazifai. Yatakikana kifungu katika bajeti, kidogo lakini cha kudumu. Hatuombi kisima, twaomba ndoo, lakini ndoo ya kila mwaka.

Na karatasi haingoji. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa magogo yaliyosagwa. Ndani yake mna asidi inayoila yenyewe kwa yenyewe. Kwanza huwa manjano, kisha hudhurungi, kisha ukiishika hukatika kama ukoko wa wali. Haya hutokea hata katika nchi za baridi. Sembuse kwetu, ambako Uluguru hutuletea ukungu na mvua, na pwani mna chumvi hewani, na mchwa hana likizo. Kisima kikichelewa mwaka kitachimbwa mwaka ujao. Gazeti likishaoza, ni nani atakayelirudisha?

Wa pili husema: "Wazungu wameshayahifadhi haya. Ukitaka utayakuta kwao."

Mwenye kusema hivi nusu ya maneno yake ni kweli. Tangu mwaka 1963 maktaba za Marekani zimeungana katika mradi wa kukusanya mikrofilamu za nyaraka na magazeti ya Afrika, makao yake Chicago, na magazeti mengi ya Afrika ya Mashariki yamo humo. Hatukatai fadhila. Lakini mengi katika yaliyohifadhiwa kwa njia hii hufunguliwa kwa maktaba zilizo wanachama na zinazolipa. Chuo kikuu cha Marekani kitalipa; mwalimu wa madrasa wa Mkuyuni atalipa nini? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na kumbukumbu ya kuazima ni hivyo hivyo: utaivaa kwa rukhsa ya mwenyewe, na siku akiitaka, utavuliwa hadharani.

Tena mgeni akichagua, huchagua analolitaka yeye. Mdachi ametafuta Mdachi wake. Si kosa, ni tabia ya binaadamu. Lakini jee, atakuja mtu kutoka Berlin kukutafutia wewe mashairi ya babu yako yaliyotoka katika Mambo Leo? Gazeti hilo lilianzishwa na serikali ya Tanganyika mwezi wa Januari 1923, na katika kurasa zake watu wa pwani na bara walijibizana kwa tungo. Humo ndimo Shaaban Robert alimotoa mashairi yake kabla hajavuma. Na Kwetu, gazeti la Erica Fiah lililoanza Dar es Salaam mwaka 1937, nani atalililia? Na Zuhra la Ramadhani Mashado Plantan?

Ama kuhusu kutegemea hazina ya mtu, Mwenyezi Mungu ametuonyesha mfano juzi tu. Marekani ilianza mwaka 2005 mpango mkubwa kabisa: mfuko wa serikali wa kusaidia elimu na utamaduni, pamoja na Maktaba ya Bunge lao, ulitoa ruzuku kwa kila jimbo lipige picha magazeti yake, kiasi cha kurasa laki moja kwa kila ruzuku ya miaka miwili. Zikafika kurasa zaidi ya milioni 20, na mtu yeyote duniani huzisoma bure. Huo ni mfano mwema, na mwema husifiwa akiwa nani. Kisha, mwezi wa Aprili 2025, mfuko ule ule ukakatizwa mkono: ruzuku zaidi ya elfu moja za elimu na utamaduni zikafutwa kwa barua, watu wakiwa katikati ya kazi. Haya yamefanyika kwao, kwa watu wao. Jee, wewe unayesubiri hisani yao, uko katika safu ya ngapi?

Nami sisemi mgeni afukuzwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Lamu, hati za kale za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa msaada uliopitia Maktaba ya Uingereza, katika mpango ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za wakfu wa watu binafsi. Hati zenyewe zikabaki Lamu, na picha zake zikawekwa wazi kwa kila mtu. Hivyo ndivyo ugeni mwema. Lakini mwenyeji asiyekuwa na mkeka wake nyumbani, kila siku atakaa juu ya mkeka wa mgeni.

Wa tatu husema, na huyu ni mjanja zaidi: "Magazeti yale yamejaa uongo na matusi. Yaacheni yafe, yasije yakafufua fitna. Yatazameni ya Unguja ya zama za siasa!"

Naam, uongo umo. Magazeti ya wakoloni yalimpamba mkoloni. Na katika miaka ya mwisho kabla ya 1964 kule Unguja, vyama vilitupiana maneno ambayo mtu mwenye haya hawezi kuyasoma mbele ya mama yake. Lakini tangu lini wanavyuoni wetu wakatibu uongo kwa kuchoma ushahidi? Imamu Ibn al-Jawzi alitunga kitabu kizima cha hadithi za kuzuliwa. Hakuzificha. Alizikusanya, akazitaja na wapokezi wake, akaonyesha ni nani muongo, ili Waislamu wajihadhari. Elimu ya kuwapima wapokezi, ambayo tunajivunia mbele ya mataifa, msingi wake ni kuhifadhi: kwanza hifadhi lililosemwa na aliyesema, kisha lipime. Huwezi kumpima mtu ambaye maneno yake umeyatupa.

Na fitna, ndugu zangu, haikai katika karatasi ya zamani. Fitna hukaa katika midomo ya leo, inayosema "wazee wenu walisema hivi" na "babu zenu walifanya vile", na hakuna wa kumwambia msemaji: lete, tusome. Al-Falaq lilianza Unguja mwaka 1929, Mwongozi mwaka 1942, na ya upande wa pili nayo yalikuwako. Kila upande leo hubeba hadithi yake kichwani, na kila mwaka inaongezwa chumvi. Yafunguliwe yote, ya huku na ya huku, yasomwe kwa adabu na walimu wawepo wa kueleza. Kweli hata ikiwa chungu huisha. Dhana haina mwisho.

Wa nne ndiye anayeniumiza zaidi, kwa kuwa ni mwenzangu katika kilemba. Husema: "Haya ni mambo ya kidunia. Sheikh aseme khabari za sala na saumu, magazeti awaachie wenyewe."

Ewe sheikh mwenzangu, hebu turejee chuoni. Vita vya Yamama vilipouwa wengi katika waliohifadhi Qur'ani kifuani, Sayyidna Umar aliogopa, akamwendea Sayyidna Abubakar, khalifa, akamshauri ikusanywe maandishini. Abubakar alisita kwanza, maana lilikuwa jambo ambalo Mtume (S.A.W.) hakulifanya. Kisha kifua chake kikafunguka, akamwita kijana Zayd bin Thabit, akamkabidhi kazi hiyo. Naye akaikusanya kutoka katika makuti, mawe membamba na vifua vya watu.

Sizilinganishi karatasi za gazeti na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hasha! Mchanga haulinganishwi na nyota. Lakini mafunzo ya tendo lile yako wazi kwa mwenye macho. Mjuzi akifa hufa na alichokijua kama hakikuandikwa. Mwenye kushika mambo ya umma ndiye aliyeamrisha kazi, hakuwaachia watu binafsi wajipapatue. Na kazi ya uzee ya kuchunga ilitiwa mikononi mwa kijana mwenye macho mazuri. Hayo matatu tukiyachukua, hatuhitaji hoja ya nne. Tena katika Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kupita zote inahusu nini? Inahusu kuandika deni! Dini inayotuamrisha kuandika deni la shilingi itatuamrisha vipi kuidharau hesabu ya taifa zima? Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Na lau ungelijua, wewe unayesema magazeti ni ya kidunia, ni nani aliyeyashika kabla yako! Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932. Alikemea humo israfu za harusi, uvivu, na Waislamu kutojali elimu. Mwaka 1944 baadhi ya makala zile zikatolewa kitabu, Uwongozi. Lau si kitabu kile, ni wangapi leo wangelijua alilolisema? Na mwaka 2017 makala hizo zilitolewa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mchapishaji wa Leiden, Uholanzi. Nawashukuru waliofanya kazi ile. Lakini nakuuliza wewe msomaji wa Mombasa, wa Lamu, wa Tanga: Al-Islah lenyewe, ile karatasi iliyotoka mikononi mwa Sheikh, umeliona wapi? Imekuwa kumsoma mwanachuoni wetu kwapita Uholanzi!

Sasa nasema na serikali, kwa heshima.

Tanzania ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002. Ina Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwezi wa Desemba 1967. Nyumba tunazo, na watu wenye ujuzi wa kazi wamo ndani yake. Gazeti la Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930, lilitaifishwa tarehe 5 Februari 1970. Tangu siku ile gazeti hilo na kumbukumbu zake ni mali ya umma. Basi raia anaposema "nipeni nisome", haombi cha mtu. Anadai cha kwake. Tunao Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaowakopesha wasanii, ni jambo la kheri. Lakini gazeti la 1937 haliwezi kukopa, wala halitauza tiketi likalipa deni. Hilo lataka ruzuku.

Na ruzuku hiyo iwe na masharti, maana fedha isiyo na sharti huzaa mapicha yaliyofungiwa kabatini. Sharti la kwanza: kilichopigwa picha kwa kodi ya watu kisomwe na watu bure, wala kisiuzwe kwa kampuni ya nje itakayotuuzia tena cha kwetu, na haki ya mwenye gazeti aliye hai itazamwe kwa mujibu wa sheria, aombwe rukhsa kwa wema. La pili: karatasi yenyewe isitupwe baada ya picha. Maktaba nyingi za Marekani zilipokwisha kuweka magazeti katika mikrofilamu ziliyatupa ya asili, na mwandishi wao Nicholson Baker akawalaumu vikali katika kitabu cha mwaka 2001, kwa kuwa filamu nyengine zilitoka mbovu na hakuna tena pa kurejea. Tusirudie kosa ambalo mwenzetu ameshalilipia. La tatu: kazi ifanywe hapa na vijana wetu. Morogoro peke yake ina Chuo Kikuu cha Sokoine, Mzumbe, na Chuo Kikuu cha Waislamu. Vijana wangapi wanamaliza masomo na kukaa barazani? Wapeni kamera na mshahara wa halali.

Tena kompyuta husoma herufi za zamani kwa kubahatisha. Wino ukififia huona "kheri" ikaandika "kberi". Ni nani atakayeisahihisha? Mzee wa Pangani ndiye anayejua neno lile la shairi la 1926, si mtambo. Maktaba ya Taifa ya Australia imefungua magazeti yake ya zamani ili wasomaji wenyewe wayasahihishe wakiwa majumbani mwao, na watu wamefanya hivyo kwa mapenzi tu. Na mwaka 2023, fedha zilipokaribia kukatika, serikali yao iliuongezea mpango huo dola za huko milioni 33 kwa miaka minne, kwa kuwa wananchi walipiga kelele. Jee, sisi tuna kelele za mpira peke yake?

Sasa namalizia na wewe, ndugu yangu, na wewe dada yangu, maana serikali haina ufunguo wa sanduku lako.

Usiku wa leo kabla hujalala, kumbuka liko wapi sanduku la marehemu. Kesho lifungue mchana, mahali pakavu. Usiyatandaze magazeti juani. Usiyaunganishe kwa gundi ya utepe, maana gundi ile huila karatasi. Yalaze bapa, usiyakunje upya, uyaweke mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Andika kwenye bahasha: yalikuwa ya nani, wa wapi, na yalipatikanaje, hiyo ndiyo isnadi yake. Kisha waite watoto wako uwasomee ukurasa mmoja. Mwenye kutaka kuyapeleka maktaba au kwenye nyaraka ayapeleke, adai stakabadhi. Na wewe uliyejaaliwa mali, uliyezoea kuweka wakfu wa kisima na wa nyumba ya msikiti, jee umepata kufikiri wakfu wa kamera moja na mshahara wa kijana mmoja? Elimu inayonufaisha watu thawabu yake humfuata mtu kaburini, hili sote twalijua tangu chuoni. Mheshimiwa mbunge akija kuomba kura, muulize mbele ya watu: magazeti ya wazee wetu mmeyatengea kiasi gani?

Yule binti aliponiaga siku ile, aliniambia, "Babu, usihuzunike, wewe mwenyewe umebaki." Akanisomea upya yote aliyoyaandika, nikamsahihisha pale alipokosea. Nilifurahi, na niliogopa. Mimi ni mtu wa miaka sitini na kitu. Sikuwako Matombo mwaka 1955, na niliyomwambia ni ya kusikia kwa baba. Sanduku ndilo lililokuwako.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapoteza, na atupe nguvu ya kuyachunga yaliyobaki. Amin.